Siku za Kungoja: Miiko ya Bondia Kabla ya Pambano Kubwa

Katika msitu wa Ituri, upande wa Mambasa na Epulu, Wabila na jirani zao Wambuti walijua tangu zamani kwamba mtu anayekwenda kukabili jambo kubwa hapelekwi hivi hivi. Katika nkumbi, jando la huko, wavulana waliondolewa kwa mama zao, wakakaa kambini kwa miezi, wakakatazwa vyakula fulani, wakafundishwa nyimbo na kupimwa uvumilivu. Mtoto wa kijiji na mtoto wa Kimbuti waliotahiriwa pamoja walitoka wakiwa kare, ndugu wa maisha yote. Ukimtazama bondia katika wiki za mwisho kabla ya pambano kubwa, utaiona hekima hiyo hiyo: kutengwa, miiko, nyimbo, maumivu yanayoshirikiwa na udugu unaozaliwa humo.

Wapo wanaodhani ngumi ni kazi ya mtu mwenye hasira. Hapa Bunia maneno hayo husemwa mara nyingi, na sishangai, kwa maana mji wetu umeona hasira za kutosha. Lakini anayekaa karibu na mabondia hutambua upesi kwamba hasira ndiyo ya kwanza kufukuzwa kambini. Mwenye hasira hurusha mikono ovyo, husahau kuvuta pumzi, na raundi ya tatu humkuta amekwisha. Kinachojengwa katika wiki zile ni uwezo wa kujizuia, na desturi zote za kambi, ziwe za chakula, usingizi au maneno, zinalenga hapo.

Siku huanza kwa mbio. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wa asubuhi zake humfaa mkimbiaji. Tangu jimbo letu la Ituri liwekwe chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, mtu hajiendei gizani tu. Mkimbiaji hungoja kupambazuke, kisha huiwahi Boulevard de la Libération kabla pikipiki hazijaijaza na vumbi halijapanda. Jioni ni zamu ya kamba, mfuko wa mchanga na ngumi za hewani. Kufunga bandeji nako kuna adabu yake: mdogo hunyoosha mkono, mkubwa humfunga kidole baada ya kidole, na hapo ndipo mengi husemwa kwa sauti ya chini. Mdogo humwita mkubwa wake yaya, na neno la yaya halijibiwi kwa ubishi.

Kisha kuna miiko. Pombe na sigara hukatwa, kukesha hukatwa, chakula hupimwa. Bugali hubaki mezani lakini tonge hupungua. Maharage, sombe na samaki wa Ziwa Albert kutoka Kasenyi au Tchomia hushika nafasi. Wengi hujitenga na wake zao wiki kadhaa kabla ya pambano, desturi inayofuatwa na mabondia duniani kote. Sayansi haijathibitisha kwamba tendo la ndoa humaliza nguvu, lakini mwiko huu una kazi nyingine: unamkumbusha mtu kila usiku kwamba amejitoa kwa ajili ya jambo moja. Mke anayekubali, anayepika kwa kipimo na kuwatuliza watoto baba alale, naye yumo katika maandalizi, ingawa jina lake halitatajwa ulingoni. Na mwiko mkuu kuliko yote ni kupigana mtaani. Bondia akitukanwa sokoni hupita. Akirudisha ngumi, mwalimu wake humhesabu kuwa ameshindwa kabla ya kengele.

Uzito ndio mtihani unaoumiza kimya kimya. Mabondia wa kulipwa kwa kawaida hupimwa siku moja kabla ya pambano, na wapo wanaofika kwenye mizani midomo imekauka kwa kujinyima maji. Hapa mila inahitaji kusahihishwa. Mwili uliokaukiwa maji huchoka upesi, na madaktari wa michezo huonya kwamba kupigwa kichwani katika hali hiyo ni hatari zaidi. Kocha mwenye busara huanza kupunguza uzito mapema, polepole, kwa chakula na mbio, na kama kilo hazishuki humwambia kijana wake apande daraja. Kumhimiza mtoto wa watu ajikaushe kwa jasho na njaa ili apate mpinzani mdogo ni kumwonea, na desturi ya namna hiyo haistahili kulindwa.

Baada ya mwili kuwa tayari hubaki hofu. Mabondia wengi wakubwa wamekiri kwamba huogopa, na kazi ya kambi ni kuipa hofu hiyo mahali pa kukaa. Mfano mkubwa kuliko yote ulitokea katika nchi yetu hii hii. Mwaka 1974 Muhammad Ali na George Foreman walikuja Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kupigana Septemba 25. Siku tisa kabla, Septemba 16, Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, na pambano likasogezwa hadi Oktoba 30. Wote wawili wakapewa mzigo uleule: wiki za kungoja ambazo hakuna aliyezipanga.

Ali, aliyekuwa na miaka 32, alizitumia N'Sele, kando ya mto Kongo, akikimbia, akizungumza na watu na kuongoza nyimbo zao mpaka “Ali, boma ye”, yaani “Ali, muue”, ikaenea Kinshasa nzima. Foreman, bingwa wa miaka 25 ambaye hakuwa ameshindwa katika mapambano 40, alihamia hotelini mjini, akashindwa kufanya mazoezi kamili kwa sababu ya jeraha, na akawa mtu wa kujifungia. Alikuwa amekuja na mbwa mkubwa wa Kijerumani, na Wakongo walipomwona mbwa huyo walikumbuka polisi wa Wabelgiji. Usiku wa pambano, katika chumba cha kubadilishia nguo, wasaidizi wa Ali walikuwa wameinamisha vichwa kwa kumhofia. Yeye ndiye aliyewachangamsha. Saa kumi za alfajiri, mbele ya watu wapatao 60,000, aliegemea kamba, akamwacha Foreman amalize nguvu zake, na katika raundi ya nane akamwangusha.

Watu husimulia ujanja wa zile kamba. Mimi naona ushindi ulianza katika zile wiki za kungoja. Mtu hawezi kukaa kambani akipigwa na mwanaume kama Foreman bila kuchanganyikiwa kama hajajizoeza utulivu kwa muda mrefu, tena akiwa amezungukwa na watu wanaomtia moyo.

Wana wawili wa familia moja ya Kongo wanatufundisha jambo hilo hilo. Ilunga Makabu alikwenda Liverpool Mei 2016 kugombea mkanda wa WBC, akamwangusha Tony Bellew katika raundi ya kwanza, kisha yeye mwenyewe akasimamishwa katika ya tatu. Hakuacha. Alijenga upya, na Januari 31, 2020, Kinshasa, akamshinda Michał Cieślak kwa pointi na kuwa bingwa wa dunia mbele ya watu wake. Mdogo wake, Martin Bakole, alipigiwa simu siku mbili tu kabla ya pambano la Februari 22, 2025 mjini Riyadh, ili achukue nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua. Alifika usiku wa kuamkia siku yenyewe, akiwa na kilo zipatazo 143, na Joseph Parker akammaliza katika raundi ya pili. Ushujaa wa kukubali haukupungua, na kipaji chake hakikupotea kwa siku mbili. Kilichokosekana ni kambi. Ndugu hawa wana damu moja. Mmoja alipata miaka ya kujitayarisha, mwingine alipata saa 48.

Katika siku za mwisho kabla ya pambano bondia hutafuta pia msaada usioonekana. Wapo wanaokwenda kwa mganga, kama wapiganaji wa mieleka ya Kinshasa wanaojulikana kwa kuingia na dawa zao mbele ya umati. Wengine huomba kanisani au msikitini. Siwacheki wala hawa wala wale, kwa sababu mtu anayekwenda kupigwa ana haki ya kutafuta faraja. Ila namheshimu zaidi yule ambaye maombi yake yanamgusa na mpinzani. Archie Moore, bingwa wa zamani aliyekuwa kambini mwa Foreman, alieleza baadaye kwamba usiku ule Kinshasa aliomba Ali asiuawe. Hiyo ni sala ya mtu anayeujua mchezo wake: shinda, lakini yule mwingine naye arudi kwa watoto wake.

Na hapa ndipo Bunia inapohusika kuliko mji mwingine wowote ninaoufahamu. Tuliona Mei 2003 jinsi watu wanavyopigana pasipo mwiko hata mmoja, mpaka majeshi ya Ulaya yakaja mwezi uliofuata katika operesheni ya Artemis. Watoto waligeuzwa askari bila kupimwa uzito, bila refa, bila kengele ya kusimamisha. Kule Goma, mwalimu anayejulikana kwa jina la Kibomango, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto askari, alianza kuwakusanya vijana waliotoka vitani na wale wa mitaani akawafundisha ngumi. Kwa asiyejua huo ni mzaha: kumpa ngumi mtu aliyetoka kwenye bunduki! Lakini ulingoni kijana hujifunza alichonyimwa vitani: kwamba mpinzani ana uzito sawa na wake, kwamba aliyeanguka hapigwi, na kwamba kengele ikilia mikono hushuka na watu hukumbatiana.

Kwa hiyo mzazi wa Mudzipela au Nyakasanza ambaye mwanawe ameomba ruhusa ya kujiunga na klabu asiulize kwanza kama mtoto atapata mkanda. Aulize miiko ya klabu hiyo ni ipi. Je, anayepigana mtaani hufukuzwa? Je, mwalimu hukataa pambano kijana asipokuwa tayari, hata kama kuna pesa? Je, Mhema na Mlendu, ambao jamii zao zilipigana katika vita vile, hufungana bandeji? Majibu yakiwa mazuri, amruhusu, na jioni akapite kutazama mazoezi, maana kambi isiyo na wazee hupoteza adabu upesi. Vijana wetu wana nguvu tayari. Kuwapa miiko ya kuzitumia ni wajibu wetu sisi wakubwa, na wajibu huo hautimizwi kwa kupiga makofi siku ya pambano tu.