Kolajeni (2): Kilichotafutwa Katika Ngozi ya Punda wa Shinyanga

Juma lililopita tuliieleza kolajeni: protini inayoshikilia ngozi, mifupa na gegedu, ambayo mwili huitengeneza kwa uchache zaidi kadiri umri unavyosogea. Leo tuifuate ile ya unga inayouzwa kwenye kopo hadi inakotoka. Haitoki kwenye mmea. Hutolewa kwa kuchemsha ngozi, mifupa na magamba ya wanyama, na biashara hiyo imepita hapa hapa Shinyanga.

Wachina wana dawa ya kale iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka igande. Sehemu yake kubwa ni kolajeni. Huuzwa kwa ajili ya damu, na siku hizi zaidi kwa urembo na kuzuia uzee. Kipato kilipopanda China, wateja waliongezeka na punda wa huko wakapungua vibaya, wanunuzi wakageukia Afrika. Ndipo Shinyanga ikapata machinjio ya punda yenye mtaji wa Kichina.

Tatizo ni kwamba punda si kuku wa nyama. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Machinjio yakitaka ngozi kila siku, punda watatoka wapi kama si kwenye mazizi ya wanavijiji, kwa kununuliwa au kwa kuibwa? Na punda akiondoka, ndoo ya maji na mzigo wa kuni hurudi kichwani kwa mama na binti zake. Serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kuuzuia barani kote.

Na yote hayo kwa faida gani? Kolajeni ukiinywa haiendi moja kwa moja usoni. Tumbo huivunja vipande vidogo na asidi amino, kisha mwili huvipeleka unakotaka wenyewe. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2025, uliojumlisha majaribio 23, ulionesha ngozi kupata unyevu na mnyumbuko kiasi. Lakini yalipotazamwa peke yake majaribio yasiyofadhiliwa na makampuni ya dawa, nafuu hiyo haikuonekana. Kuhusu nywele na kucha, ushahidi ni mwembamba zaidi. Hizo zimejengwa kwa keratini, protini nyingine kabisa, jambo ambalo matangazo ya mitandaoni hayalisemi.

Sisemi kopo la unga litakudhuru. Kwa mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida halina madhara makubwa, ila mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Ninachosema ni kwamba supu ya kongoro inayouzwa asubuhi Kambarage, hapa Shinyanga, ina kolajeni pia, na tumbo huivunja vilevile. Ongeza pera au chungwa, kwani bila vitamini C mwili hauwezi kuunda kolajeni imara. Achana na sigara na ujikinge na jua la mchana, maana hivyo viwili ndivyo vinavyoiharibu ngozi upesi.

Juma lijalo tutaelekea Geita, kuitazama zebaki: ile ya kukamatia dhahabu na ile inayofichwa ndani ya krimu za kung'arisha ngozi. Mwenye krimu isiyoorodhesha viambato aache kuipaka kuanzia leo.