Mtoto Asiketi Juu ya Mzigo: Hatari ya Pikapu Iliyojaa Kupita Kiasi

Leo tunazungumza juu ya jambo tunaloliona kila mwisho wa mwezi hapa Kibera na kule Kawangware: pikapu inayohamisha vyombo vya nyumba, huku watoto wakiwa wameketi juu ya magodoro.

Chukua mfano wa mama anayehama kutoka Laini Saba kwenda Kawangware. Amekodi pikapu moja na pesa zake zinatosha safari moja tu. Kitanda, kabati, viti, jiko, mitungi ya maji, vyote vinapakiwa. Kisha kijana wake wa miaka minane anaambiwa apande juu, alinde vitu visiibiwe njiani. Mama huyu si mzembe. Anabana matumizi, na anaogopa wezi. Lakini je, anajua mtoto amepanda juu ya nini?

Uzito unafanya nini kwa gari?

Pikapu ya tani moja imetengenezewa kubeba kilo 1,000 hivi. Hiyo ni sawa na mitungi 50 ya maji ya lita 20. Mtu mzima wa kilo 65 ni zaidi ya mitungi mitatu, kwa hivyo watu watano waliopanda nyuma pia ni mzigo.

Uzito ukizidi, mambo haya hutokea:

- Breki huchelewa kusimamisha gari. Kwenye mteremko breki hupata moto, na zikipata moto sana hupoteza nguvu.
- Sehemu ya nyuma hulala chini na ya mbele huinuka. Magurudumu ya mbele hayashiki barabara vizuri, na dereva hushindwa kuongoza usukani.
- Magurudumu hupata moto na yanaweza kupasuka.
- Mzigo uliopangwa juu sana huyumba kwenye kona, na gari linaweza kupinduka.

Hatari huongezeka pikapu hiyo ikivuta gari lingine lililoharibika, au tela. Kama tela halina breki, pikapu ikisimama ghafla tela huendelea kuisukuma kutoka nyuma. Gari linalovutwa likiwa limezimwa injini, breki zake na usukani huwa vizito. Na kamba ikikatika, hurudi kwa nguvu kama mjeledi. Kwa hivyo usimwache mtoto akae ndani ya gari linalovutwa. Waonye watoto wanaocheza kando ya barabara wasisimame karibu na kamba, na wasidandie nyuma ya gari.

Kwa nini mtoto huumia zaidi?

Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akirushwa, mara nyingi hutangulia kichwa. Na si lazima gari ligongane na lingine. Tuta moja tu barabarani linatosha kumrusha mtoto aliyeketi juu ya godoro. Tena, vyombo vinaweza kumwangukia.

Wengi tunakumbuka Februari 2004, sheria zilizoitwa za Michuki zilipoanza na matatu zikalazimishwa kuwa na mikanda na spidi gavana. Lakini juu ya mzigo hakuna mkanda wala kiti. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari kubeba uzito kupita kiwango chake.

Ufanye nini siku ya kuhama?

Kumbuka, wewe ndiwe uliyekodi gari. Una haki ya kumwambia dereva, "Mzigo huu umetosha."

1. Afadhali safari mbili, au vitu vyepesi viende kwa mkokoteni. Patana bei mapema.
2. Vitu vizito viwekwe chini, na vyote vifungwe kwa kamba.
3. Mtu mzima mmoja aketi mbele na dereva, afunge mkanda. Jirani unayemwamini awangoje kule mnakohamia.
4. Watoto wasafiri kwa matatu, au wabaki kwa jirani mpaka vitu vifike.

Mtoto akianguka

Usimwinue kwa haraka. Kama hayuko mahali pa hatari, mwache alale hapo, na mtu ashike kichwa chake kisitikisike. Jeraha likitoka damu, likandamize kwa kitambaa safi. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Usimpe chakula wala kinywaji. Piga 999 au 112 uombe msaada.

Hata akiamka na kucheza, muangalie kwa makini siku hiyo na usiku wake. Mkimbize hospitalini, kama vile Mbagathi au Kenyatta, ukiona dalili hizi: anatapika tena na tena, ana usingizi usio wa kawaida, anashikwa na kifafa, anaumwa sana na kichwa, au anatoka damu au majimaji masikioni au puani. Usingoje kupambazuke.

Mama, kabati likivunjika, fundi atalitengeneza. Godoro likiibiwa, utanunua lingine pole pole. Mtoto hana fundi wa namna hiyo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mlipohama mara ya mwisho, watoto walisafiri vipi?
2. Majirani wa ploti moja wanaweza kusaidianaje siku ya kuhama?
3. Ni dalili gani zinaonyesha kwamba mtoto aliyeumia kichwa apelekwe hospitali mara moja?