Ufunguo Unaojibu Swali

Katika kata ya Nyambureti, wilayani Serengeti, gari moja hutegemewa kwa mengi: kumkimbiza mgonjwa Mugumu usiku, kupeleka mahindi sokoni, kuwarudisha wanafunzi kutoka michezoni. Tuseme mwenye gari hilo amedondosha ufunguo wake mtoni. Hana wasiwasi mkubwa, kwa kuwa alikwisha kuchongesha wa pili mjini. Ufunguo huo mpya unaingia katika swichi bila taabu na unageuka vizuri. Stata inapiga, injini inawaka kwa sekunde moja au mbili, kisha inazimika. Anajaribu mara kumi. Fundi wa jirani anafungua plagi na kuzisafisha, anabadili chujio la mafuta, mwishowe pampu ya petroli inalaumiwa. Kumbe gari ni zima kabisa, ila limekataa kumtambua mwenyewe.

Kifaa kilicholeta ukaidi huo huitwa imobilaiza, yaani kizuizi cha injini. Zamani ufunguo wa gari ulikuwa chuma tu, na mwizi aliyezijua nyaya za swichi hakuhitaji hata hicho chuma. Penye imobilaiza, chuma ni nusu ya ufunguo. Nusu ya pili ni chipu ndogo, yapata ukubwa wa punje ya hindi, iliyofichwa ndani ya kishikio cha plastiki. Aliyechonga ule ufunguo wa pili alinakili meno ya chuma, chipu hakuiweka.

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za transfoma anaijua tayari siri ya kifaa hiki. Kuizunguka swichi kuna koili ya waya. Swichi inapofunguliwa, umeme hupita katika koili hiyo ukienda na kurudi, katika magari mengi mara 125,000 hivi kwa sekunde, na kuzaa uga wa sumaku unaobadilika. Ndani ya chipu mna koili nyingine nyembamba sana. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya huzaa umeme ndani ya waya huo, na ndivyo chipu inavyopata nguvu zake. Haina betri, wala haihitaji. Ile betri ndogo iliyomo katika funguo nyingi ni ya kufungulia milango kwa mbali. Hata katika magari ya kuwashwa kwa kubonyeza kitufe, betri hiyo ikifa, mengi huwaka dereva akikigusisha kishikio cha ufunguo kwenye kitufe chenyewe, kwa kuwa koili ya kulisha chipu imewekwa hapo.

Chipu ikishapata umeme hujibu, na kompyuta ya gari husikiliza. Jibu likiwa sahihi, petroli na cheche za plagi huruhusiwa. Likikosekana, injini huzimwa.

Jibu lenyewe ni la namna gani? Chipu za mwanzo zilitaja namba ileile kila siku. Wafugaji wa Mara watauelewa upesi udhaifu wake. Alama ya moto kwenye paja la ng'ombe humtambulisha mwenye mali, lakini mwizi aliyeiona aweza kuiiga. Hata heleni za kielektroniki, ambazo serikali ilianza kuwavisha mifugo mwaka 2021 chini ya sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010, ni ndugu wa chipu hizo: kwa kanuni ya kimataifa, heleni za namna hiyo husomwa kwa mawimbi ya mara 134,200 kwa sekunde, nazo hutaja namba moja daima. Kwa ng'ombe inatosha, maana kazi ya heleni ni kumtaja mnyama na mwenyewe. Kwa kufuli haitoshi.

Kwa hiyo wahandisi walibadili mazungumzo. Gari hutoa namba ya kubahatisha, tofauti kila mara, na ufunguo huichanganya na siri yake kabla ya kujibu. Tuseme siri ni kuzidisha kwa 7 na kuongeza 3. Gari likisema 5, ufunguo hujibu 38. Likisema 12, hujibu 87. Mwalimu wa hisabati awape wanafunzi jozi hizo mbili bila kuwatajia siri. Kwa milinganyo miwili ya pamoja wataipata 7 na 3 kabla kengele haijalia! Ndiyo maana kanuni halisi haziwezi kuwa nyepesi hivyo, na siri yenyewe huwa ndefu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA, Marekani, walitangaza kwamba wameivunja chipu moja iliyotumika sana, yenye siri ya tarakimu 40 za sifuri na moja. Idadi ya siri za aina hiyo ni 2 kwa kipeo cha 40, yaani zaidi ya trilioni moja, na bado mitambo yao iliipata siri ya ufunguo mmoja kwa muda usiofika saa nzima. Kila tarakimu inayoongezwa huzidisha kazi ya mvunjaji maradufu, na chipu za baadaye ziliongezewa nyingi.

Hata hivyo kufuli hili limeleta faida isiyobishaniwa. Umoja wa Ulaya ulilifanya la lazima kwa magari mapya madogo kuanzia Oktoba 1998. Wachumi Jan van Ours na Ben Vollaard, waliochunguza takwimu za Uholanzi na za Uingereza na Wales, walikadiria kwamba lilipunguza wizi wa magari kwa wastani wa asilimia 40 kati ya 1995 na 2008.

Turudi kwa gari letu la Nyambureti. Kabla ya kufungua kitu chochote, fundi hana budi kutazama dashibodi. Katika Toyota nyingi taa nyekundu ya ulinzi humetameta ufunguo ukiwa nje, na huzimika ufunguo unapoingizwa na kutambuliwa. Ikiendelea kumetameta, plagi na pampu hazina kosa. Hapo ajiulize: je, kishikio kimebadilishwa, na chipu ikasahaulika katika kile cha zamani? Kosa hili ni la kawaida mno. Je, katika pete moja kuna ufunguo wa gari jingine, chipu mbili zikijibu kwa pamoja? Je, betri ya gari ni dhaifu kiasi kwamba stata inapopiga kompyuta hukosa umeme wa kutosha? Baada ya hayo ndipo ipimwe koili ya swichi, maana waya wake ukikatika, ufunguo halali nao huwa bubu.

Kama tatizo ni ufunguo wenyewe, huunganishwa mashine katika soketi yenye matundu 16 chini ya dashibodi. Watu husema ufunguo "unaprogramiwa", lakini mara nyingi kinachoandikwa ni orodha iliyomo katika kumbukumbu ya gari, kama mwalimu anavyoliingiza jina la mwanafunzi mgeni katika rejista. Ukiwapo ufunguo mmoja unaotambuliwa, wa pili huandikishwa kwa dakika chache. Kuna mafundi wanaoikwepa kazi hii kwa kuifunga chipu kwa utepe kando ya koili moja kwa moja. Gari litawaka kwa chuma chochote kinachogeuza swichi, yaani mlinzi amefungwa kamba mlangoni na kuambiwa amwitikie kila apitaye.

Funguo zote zikipotea, taabu ni nyingine. Usukani umejifunga, na gia ya otomatiki haitoki mahali pake, hivyo gari haliwezi kukokotwa kirahisi hadi Musoma wala Mwanza. Mashine ndiyo inayopaswa kusafiri kulifuata. Fundi mwaminifu huomba kwanza kadi ya gari, kwa sababu kazi anayoombwa haina tofauti na ile ambayo mwizi angeitaka. Kisha huunganisha betri ya pili kusaidia ile ya gari, kwani umeme ukikatika katikati kumbukumbu yaweza kuharibika. Baadhi ya magari humlazimisha angoje yapata robo saa kabla orodha haijafunguliwa, ili mwizi mwenye haraka akate tamaa. Mwishowe taa nyekundu huzimika, ufunguo mpya huandikishwa, na fundi mwenye busara huandikisha na wa pili kabla ya kufunga mkoba wake.