Kununua Gari Dogo (2): Injini ya Pwani na Injini ya Mlimani

Wiki iliyopita tulizungumzia umri wa gari na namna unavyopandisha kodi. Leo tunaingia kwenye maswali mawili ambayo wanunuzi wengi huyamaliza harakaharaka wakiwa yadi: injini ya ukubwa gani, na toleo lipi. Mfano wetu ni Toyota Vitz ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa Japan mwishoni mwa 2010. Imejaa kwenye barabara zetu, na bodi moja imewekewa injini tatu: ya lita 1.0, ya 1.3 na ya 1.5. Kwa nje ni vigumu kuzitofautisha.

Ndogo kabisa ni 1KR-FE, yenye silinda tatu na sisi 996. Ni injini nyepesi iliyoundwa na Daihatsu, na nguvu yake ni farasi wapatao 70. Ile ya 1.5, 1NZ-FE, ina silinda nne na inatoa farasi 109 hivi. Ndiyo iliyomo pia kwenye Probox nyingi na IST. Mnunuzi akisikia sisi 996 hushawishika papo hapo: kodi ndogo, mafuta kidogo. Hoja zote mbili zinahitaji kupimwa.

Kwa Tanzania, injini isiyozidi sisi 1000 haitozwi ushuru wa bidhaa kwa ajili ya ukubwa wake. Ikizidi hapo hadi sisi 2000, hutozwa asilimia 5. Maana yake 1.3 na 1.5 zinalipa kiwango kilekile, na anayekimbilia 1.3 kwa kuogopa kodi hakwepi chochote. Tena asilimia 5 ni ndogo mbele ya ushuru wa uchakavu tuliouona wiki iliyopita: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30 kwa lililozidi hapo. Mtu anayechukua injini asiyoitaka ili aokoe kodi, kisha akanunua gari la miaka 11, amebana upande usio na kitu.

Suala la mafuta ni zito zaidi, na hapa jiografia ndiyo inayoamua. Injini hizi huvuta hewa zenyewe. Hazina kifaa cha kuisukumia ndani. Hewa ya Dar es Salaam, usawa wa bahari, ni nzito. Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15, kwa hiyo kila silinda inapata oksijeni pungufu kwa kiasi hicho, na nguvu inashuka vivyo hivyo. Farasi 70 wanabaki 60 au chini yake. Injini ya 1.5 nayo inapungua, lakini inabaki na wapatao 90, zaidi ya alionao mwenye 1.0 akiwa ufukweni Kigamboni.

Ongeza mzigo. Vitz tupu ina uzito wa karibu tani moja. Watu wazima watano ni kilo 350, bado mabegi na gunia la mchele nyuma. Gari la namna hiyo likifika mlima Kitonga, dereva anakandamiza mafuta hadi mwisho, injini inalia kwa mizunguko mingi, na ile akiba ya mafuta aliyoahidiwa inayeyuka. Linaloniumiza zaidi si mafuta. Ni pale anapotaka kulipita lori la Tunduma: gari linasogea polepole, naye anazidi kukaa upande wa wanaomjia. Nawasihi wanaosafiri na watoto Iringa, Mbeya au Njombe kila sikukuu wachukue 1.5, hata kama italazimu kusubiri miezi kadhaa hela itimie.

Kwa anayeishi Dar na kazi yake ni kutoka Mbagala kwenda Posta kwenye foleni, 1.0 inatosha kabisa na ndiyo ningeichagua. Ya 1.3 inamfaa mtu wa Dodoma au Arusha anayesafiri mara chache. Zote tatu zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na cheni hudumu kwa oili safi. Nyingi zina gia za otomatiki za CVT, ambamo mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili. Zinataka oili yake maalumu, na fundi akiweka oili ya gia za kawaida ataziua.

Sasa matoleo. Japan walizipanga hivi: F ndiyo ya kawaida, Jewela na U zina urembo na starehe zaidi, na RS ni ya spoti. RS huwa na rimu za inchi 16 na matairi membamba ubavuni. Kwa matuta na mashimo yetu, sioni sababu ya kuilipia. Fedha ya ziada ipelekwe kwenye usalama: mito ya hewa ya pembeni na mfumo wa kuzuia gari lisiserereke. Kuanzia 2015 baadhi ya Vitz zilikuja na mfumo unaofunga breki wenyewe gari lililo mbele likikaribia mno. Vihisi vyake vimekaa sehemu ya juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Kama kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa bila vihisi kurekebishwa upya, mfumo unaweza kukosea au usifanye kazi. Muulize muuzaji, kisha kagua kingo za kioo na nembo yake ilingane na za vioo vya milango.

Matoleo mengine huzima injini yenyewe kwenye taa nyekundu. Hayo yanataka betri maalumu yenye bei kubwa kuliko ya kawaida, na ukiweka ya kawaida itakufa mapema. Uliza bei yake kabla hujalipia gari.