Hesabu ya Barua Inapodanganya

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili naomba niongeze kidogo: hata yenye daftari hupotea, daftari likiwa la uongo.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu kidogo cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Barua pepe za kikundi nazisomea kwenye kompyuta, kwa programu iitwayo Thunderbird. Barua za wanunuzi huingia zenyewe katika folda yao. Kwa miezi kadhaa folda hiyo iliniambia kuna barua 3 ambazo hazijasomwa. Nafungua, natafuta juu hadi chini, hakuna. Nikazoea. Siku moja ikaandika 4. Nikasema, "Ni yale yale," wala sikufungua. Kumbe ya nne ilikuwa ya kweli! Mnunuzi alitaka jibu katika siku 3. Nilipoiona, wiki 2 zilikuwa zimepita naye amekwenda kwingine. Zabibu haingoji, ikishaiva hunyauka mtini. Kuwaeleza wenzangu haikuwa kazi nyepesi.

Kijana wa jirani alikuja kunitazamia. "Shikamoo, mzee. Barua zako zipo. Kilichokosea ni rejista."

Alinieleza hivi. Barua zimo ghalani, na mlangoni kuna rejista. Ili isichelewe, programu haihesabu mizigo ghalani kila mara. Husoma rejista tu. Umeme ukikatika ghafla kabla karani hajamaliza kuandika, rejista na ghala haviafikiani tena. Ndipo zinapozuka barua hewa, kama wafanyakazi hewa.

Tiba yake ni nyepesi. Kwanza, hakikisha kosa lipo kweli. Folda iliyofungwa huweza kujumlisha na barua za folda ndogo zilizo ndani yake. Zifungue zote utazame. Pia angalia kama hukuacha kichujio kinachoficha baadhi ya barua.

Kama bado hesabu haikubali, bonyeza jina la folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha "Repair Folder". Programu itaitupa rejista ya zamani na kuandika mpya kwa kuhesabu barua moja moja. Ikiwa barua zako zimehifadhiwa kwenye seva, itabidi isome upya orodha kutoka huko, kwa hiyo mtandao ukiwa wa kusuasua uwe na subira.

Ikishindikana, funga programu kabisa, ufute faili la folda hiyo lenye jina linaloishia na .msf. Hiyo ndiyo rejista. Ukifungua programu itaandikwa nyingine. Lakini angalieni sana! Kando yake kuna faili lenye jina hilo hilo lisilo na mwisho huo. Hilo ndilo ghala lenyewe. Ukilifuta, unaweza kuchoma barua zako. Kwa hiyo tunza nakala kwanza.

Mimi nilitumia ile njia ya kwanza. Haikuchukua dakika 2, na zile 3 zikatoweka. Dakika 2, ndugu zangu, kwa kosa la miezi!

Zabibu za Dodoma huvunwa mara 2 kwa mwaka, basi nafasi nyingine ipo. Funzo nililopata ni hili: kengele ikilia ovyo, usiizoee. Itengeneze, ili siku ya moto uiamini.