Kwa nini muziki wa Morricone hautoki mu kichwa

Wengi wetu hatujui hata sura yake, lakini muziki wake tunaujua. Mutu akipiga ule mluzi wa filimu « Le Bon, la Brute et le Truand » mu foleni ya ku mlango wa kazi, mwenye kuwa nyuma yake anamalizia. Filimu ni ya 1966. Mtunzi wa muziki ule, Ennio Morricone, alizaliwa Roma mu 1928 na alikufa mu 2020. Alitungia filimu zaidi ya 400. Kuna watunzi wengine waliotunga mingi pia, na hatukumbuki hata kipande. Basi yeye alifanya namna gani?

Kwanza, franga zilikuwa kidogo. Mu 1964 alipofanya kazi ya « Pour une poignée de dollars » na Sergio Leone, waliyesoma pamoja shule ya msingi, hapakukuwa pesa ya okestra kubwa kama za Hollywood. Elimu hakukosa: baba yake alikuwa mpiga tarumbeta, na yeye alisoma muziki mu shule kubwa ya Roma. Lakini alichukua vilivyokuwa karibu: mluzi wa rafiki yake Alessandro Alessandroni, gitaa la umeme, mjeledi, kengele, mlio wa bunduki. Sisi watu wa nyundo na baramini tunaelewa jambo hili upesi. Kila chombo kiko na sauti yake, na mu giza la chini unajua ni nani anapiga.

Tena, noti zake ni kidogo. Ule wimbo wa 1966 unasimama juu ya noti mbili paka, zinalia sawa vile koyoti, mbwa mwitu wa Marekani. Noti zile zile anazigawia watu watatu wa filimu: mmoja fluti, mwingine okarina, wa tatu sauti za watu. Hata mtoto mdogo anazishika.

Lakini kwetu filimu inayopita zote ni « Il était une fois dans l'Ouest », ya 1968. Morricone alitunga muziki mbele ya kuanza kupiga picha, na Leone aliupigisha pale pale watu wakicheza, ili watembee nao. Na bado, mwanzo wa filimu, kwa dakika nyingi, hakuna muziki hata kidogo. Watu watatu wanangojea treni. Unasikia kinu cha upepo kikilia, tone la maji juu ya kofia, nzi mmoja. Kiisha treni inaondoka, na harmonika inalia.

Mwenye harmonika hasemi mengi. Anapiga, watu wanaogopa, na sisi hatujui sababu. Mwisho njo tunaambiwa (asiyeiona atusamehe): alipokuwa kijana, muuaji alimsimamisha kaka yake juu ya mabega yake, kamba shingoni, na akamsokomeza harmonika mdomoni. Kijana akichoka, kaka anakufa. Kumbe ile sauti yote ilikuwa pumzi ya mtoto aliyebeba ndugu yake. Kuanzia hapo huwezi kuisikia kama zamani. Muziki umeshikamana na mutu mmoja na jambo moja, haukumwagwa kila mahali kama sukari.

Sisi wa sendika tunapenda zaidi kazi yake ya 1971, filimu « Sacco et Vanzetti » ya Giuliano Montaldo. Nicola Sacco alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, Bartolomeo Vanzetti muuza samaki, wote Waitalia waliohamia Marekani. Walishtakiwa wizi na mauaji, na wakauawa kwa kiti cha umeme tarehe 23 Agosti 1927. Mu 1977 gavana wa Massachusetts alitangaza kwamba hawakuhukumiwa kwa haki. Kwa wimbo wa mwisho Morricone aliweka sauti, Joan Baez akaweka maneno: mistari mine paka, inarudia na kurudia, na sauti za watu zinazidi kuingia. Majina yao yamo ndani. Watu wasiosoma hata karatasi moja ya kesi ile wanayajua majina kwa sababu ya wimbo.

Bamama zetu wanafanya vile vile ku matanga: sauti fupi, jina la marehemu ndani, wote wanaitika. Mutu anayekufa chini ya udongo mara nyingi haandikwi popote. Jina lake linabaki mu wimbo ule.

Njo maana tumeongea na vijana wetu wanaotengeneza filimu ndogo na simu juu ya aksida za kazi. Wanaweka kinanda toka mwanzo mpaka mwisho, kwa nguvu. Mu filimu moja mjane anataja jina la bwana yake na saa aliyotoka nyumbani, na hatukumsikia. Tumewaomba watoe kinanda pale, waache sauti yake, na kuku wanaolia mu lupango. Wamekubali kuirudilia mbele ya tarehe 1 Mei.