Wikendi ya mfanyabiashara: Ukili mkononi, senene jikoni

Kwa Waganda, mwezi wa Novemba una jina lake: Museenene, mwezi wa senene. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, hakuna anayehitaji kalenda kuujua. Mvua zikishakolea, wadudu hao wa jamii ya panzi, wengine wa kijani na wengine wa kahawia, hushuka usiku kwa wingi na kuizunguka kila taa ya barazani. Watoto hawalali mapema. Ndoo zenye mifuniko zinatafutwa. Kwa wiki chache hizo, familia nyingi za upande wa magharibi wa Ziwa Victoria hupata sababu ya kukaa pamoja Jumamosi na Jumapili.

Anayekosekana mara nyingi kwenye kikao hicho ni mfanyabiashara wa mpakani. Ijumaa yuko Mutukula anasubiri mzigo. Jumamosi yuko gulioni. Jumapili anapiga hesabu za shilingi za nchi mbili, na simu haitoki mkononi. Biashara ya namna hii haina kengele ya kufunga kazi, na anayepumzika huona kama mwenzake anamchukulia wateja.

Lakini zipo nyumba za wafanyabiashara ambako siku moja au mbili za wiki zimewekewa mpaka wake. Wengine huchagua Jumapili, wengine Ijumaa, kulingana na dini na siku ya soko. Siku hiyo haihitaji nauli wala hoteli. Inahitaji vitu viwili tu: chakula cha msimu kilichopo, na kazi ya mikono inayoweza kufanywa huku watu wanazungumza.

Senene: kazi ya mikono mingi

Senene hufika misimu miwili kwa mwaka. Mkubwa ni wa Novemba na Desemba, na mwingine mdogo huja Aprili na Mei. Miaka mingine hufika wachache kabisa, na hakuna wa kumlaumu.

Kuwakamata kibiashara ni shughuli nzito. Katika maeneo ya Masaka, wafanyabiashara husimamisha mabati marefu juu ya mapipa na kuwasha taa kali. Senene hugonga bati, huteleza na kuangukia ndani. Nyumbani mambo ni madogo zaidi: taa ya nje, beseni, na watoto wenye mbio.

Kazi halisi huanza asubuhi. Kila senene lazima anyonyolewe mabawa na miguu, mmoja baada ya mwingine. Ungo mmoja unaweza kumaliza nusu siku ya mtu aliye peke yake, ndiyo maana hakuna anayefanya peke yake. Bibi, shangazi, wajukuu na jirani aliyepita kusalimia wote hukaa kuuzunguka ungo. Kisha senene huoshwa na kutiwa kwenye kikaango bila mafuta, kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe. Huongezwa chumvi, na anayependa huweka kitunguu. Moto ukiwa wa wastani hukauka taratibu na kutoa harufu inayomfikia mpita njia.

Msimu huu una historia yake. Zamani, Buganda na Buhaya, wanawake ndio waliowakusanya na kuwatayarisha senene, lakini mila haikuwaruhusu kula. Kwa Waganda, mume aliyeletewa senene alitarajiwa kumshukuru mkewe kwa gomesi mpya. Siku hizi nyumba nyingi zimeiacha marufuku hiyo, na sahani huzunguka kwa wote. Wanaoendelea kujizuia ni watu wa ukoo wa Nsenene wa Buganda, kwa kuwa mdudu huyo ni mwiko wa ukoo wao.

Kwa mfanyabiashara, majaribu ni makubwa. Bei ya mwanzo wa msimu huwa nzuri, na kila kilo inayoliwa nyumbani huonekana kama noti iliyotafunwa. Ila msimu ni mfupi. Anayewageuza senene wote kuwa mzigo huumaliza mwaka akiwa amewasafirisha magunia kwa magunia bila watoto wake kuwaonja, wala kujifunza kuwanyonyoa na kuwakaanga.

Mmea mmoja, mikeka ya nchi nyingi

Ungo wa senene ukishaondolewa, mikono hurudi kwenye kazi isiyo na msimu: kusuka.

Kuna mmea mmoja unaowaunganisha wasusi wa eneo hili kuliko wanavyojua. Ni mkindu, jamaa wa mtende, unaopenda kuota kwenye mabonde yenye maji na kingo za mito. Majani yake machanga, ukindu, ndiyo Waganda wanayoyaita ensansa na kusukia mikeka yao yenye rangi kali. Majani hayohayo ndiyo yanayosukwa Zanzibar na kwingineko pwani. Mama wa Masaka na bibi wa Pemba wakikutana, huenda wasielewane kwa maneno, lakini kila mmoja ataitazama mikono ya mwenzake na kujua hatua inayofuata.

Hatua hizo ni zilezile. Majani machanga hukatwa, huchanwa na kuanikwa juani hadi yawe meupe. Yanayotakiwa rangi huchemshwa kwenye sufuria pamoja na rangi ya unga inayouzwa kwa vipaketi sokoni, kisha huanikwa tena, safari hii kivulini. Hapo ndipo kusuka ukili kunapoanza, ule mkanda mrefu mwembamba unaoongezwa jani baada ya jani. Ukili ukifika urefu wa kutosha, mikanda hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utokee. Kutokana na ukili huohuo hupatikana kikapu, kipepeo, msala na kawa la kufunikia chakula.

Uzuri wa ukili ni kwamba hauharaki. Unawekwa mtu akiitwa jikoni na kuchukuliwa tena akirudi. Macho yakishazoea hayana haja ya kutazama vidole, kwa hiyo mdomo unabaki huru. Habari ambazo hazikusemwa wiki nzima husemwa hapo: ada ya mtoto, afya ya mama mkubwa, deni la mteja wa ng'ambo. Baba ambaye hasuki anaweza kuchana majani au kuyageuza juani, na hilo pekee linatosha kumpa nafasi kwenye kikao.

Kila mpaka na mkono wake

Anayepita mipaka mingine ya Afrika Mashariki atakuta wikendi zinazofanana na hizi, zenye malighafi tofauti.

Ukambani na kwa Wakikuyu nchini Kenya, wanawake husokota nyuzi za katani juu ya paja na kusuka kiondo. Kazi hiyo huweza kufanywa hata njiani kwenda kisimani, lakini jioni ya Jumapili ndipo mapambo na kamba za kubebea hupata utulivu wake.

Rwanda ina agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka ambacho huhifadhi zawadi na hubebwa harusini. Heshima yake ni kubwa kiasi kwamba kikapu kimewekwa kwenye nembo ya taifa. Huko, asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na nyumba nyingi hutulia mchana wake.

Lamu na Zanzibar, kofia ya mkono yenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi huweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kuvaliwa. Wikendi ya Desemba pwani pia ina embe. Mbichi hukatwa na kupakwa chumvi na pilipili, nyingine huanikwa juani tayari kwa achari, na zilizoiva huliwa barazani, kisu kikipokezanwa.

Buhaya yenyewe, mgeni wa wikendi hupokewa kwa kahawa ya kutafuna, yaani buni zilizochemshwa na majani ya viungo kisha zikakaushwa. Huletwa kwenye kijikapu kilichosukwa kwa ajili hiyo. Mgeni anapochukua buni mbili tatu, anashika pia kazi ya mikono ya nyumba ile.

Mkono unaojua haudanganyiki

Kusuka nyumbani kuna faida nyingine ambayo mfanyabiashara huielewa haraka. Anayejua muda unaotumika kwenye ukili mmoja hujua bei ya haki ya mkeka. Hamkandamizi msusi wa kijijini mpaka aache kazi, wala yeye mwenyewe haandikiwi bei ya juu kwa mkeka uliolipuliwa.

Ukaguzi wake ni rahisi. Mkeka huinuliwa kuelekea jua: mshono mzuri haupitishi mistari ya mwanga. Kitambaa cheupe kilicholowa hupitishwa juu ya rangi: kikitoka na doa, rangi haikuchemshwa vya kutosha na itahamia kwenye nguo za mteja. Kingo hukunjwa kidogo kwa vidole: majani makavu mno hukatika, na yasiyokauka hutoa harufu ya ukungu baada ya wiki chache stoo.

Maarifa haya hayauzwi popote. Hupatikana kwa kukaa karibu na anayejua, na wengi wanaojua ni kina bibi. Mikeka ya plastiki ya kiwandani ni ya bei nafuu, huoshwa kwa urahisi, na ndiyo iliyojaa kwenye maduka ya mipakani. Mara nyingi aliyeipeleka kijijini ni mfanyabiashara huyohuyo ambaye mama yake alikuwa msusi. Si kosa kuiuza. Ila ujuzi ukikatika katika kizazi kimoja, kuurudisha ni vigumu kuliko kuutunza.

Mkindu nao unahitaji kutunzwa. Mabonde yenye maji yanapogeuzwa mashamba, mmea hupungua, na mkataji asiyeacha chipukizi hata moja hujinyima majani ya msimu ujao.

Kikapu kikivuka mpaka

Soko lipo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Tangu hapo mnunuzi anahitaji kitu cha kubebea, na kikapu kilichosukwa kimerudi kuwa chombo cha kila siku badala ya pambo la watalii.

Kazi ya mikono iliyotengenezwa kwa majani na nyuzi za hapahapa ina nafasi nzuri kwenye utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, mfanyabiashara mdogo anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachopatikana mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha, lakini hakiondoi kila tozo, hivyo ni vyema kuuliza dirishani kabla ya kupakia. Kituo cha pamoja cha Mutukula, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2017, kimewaweka maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, na swali moja linaweza kujibiwa na pande zote. Vyakula kama senene vina masharti ya ubora na usafi, na hayo huulizwa mapema zaidi.

Cha kuuza na cha nyumbani

Hatari ya kuijua bei ya kila kitu ni kuanza kuiona kwenye kila kitu. Nyumba ambayo kila ukili una mteja huacha kuwa mahali pa kupumzika. Inakuwa karakana isiyo na mshahara, na watoto huikimbia. Ndiyo maana familia nyingi za wasusi hutenganisha. Mkeka wa oda una siku zake za kazi. Mkeka wa wikendi ni wa nyumba: wa kutandika chini ya mti, wa kumpa binti anayeolewa, wa kulalia mtoto mchanga. Hauna tarehe ya kumalizika, na mtoto anayejifunza anaruhusiwa kuukosea, kuufumua na kuanza tena.

Kwa anayetaka kuanza, hatua ya kwanza ni ndogo. Ni kuchagua siku moja ambayo mpaka utasubiri, kuwaambia wateja mapema, na kununua fungu moja la ukindu siku ya soko. La pili ni kumtafuta mzee wa familia anayejua kuanza ukili, kwa sababu mwanzo ndio mgumu. Ukishashika, mkono huendelea wenyewe. Chakula kitakuwa kile ambacho msimu umeleta, kiwe senene, embe au mahindi ya kuchoma.

Jumatatu malori yatakuwa palepale na foleni itakuwa ndefu kama kawaida. Lakini atakayepanga foleni amelala usingizi wa kutosha, anazijua habari za nyumbani kwake, na akiwekewa mkeka mbele yake anajua pa kuushika ili aujue ubora wake.